Kusafirisha Shayiri ya Kichele kwa Meli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Shayiri ya kichele ni ipi, na inasafiri kutoka wapi kwenda wapi?

Ni shayiri isiyotiwa magunia wala makontena, bali iliyomiminwa moja kwa moja ndani ya ngama za meli, yaani vyumba vyake vya shehena, kwa bomba au mkanda, kisha ikatolewa kwa kreni ya makucha au kwa mashine ya kufyonza. Miongoni mwa wauzaji wakubwa ni Australia, Ufaransa, Urusi, Ukraine, Kanada na Argentina. Miongoni mwa wanunuzi wakubwa ni China, inayoitumia kwa bia na kwa mifugo, na Saudi Arabia, ambako hulishwa kondoo, mbuzi na ngamia.

Shayiri inayolimwa kwetu, kama ile ya Narok na Timau nchini Kenya au ya Arusha na Kilimanjaro nchini Tanzania, hupelekwa kwa lori katika viwanda vya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kwa ajili ya bia, na haina haja ya bahari. Hata hivyo, ngano ya kichele inayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam huongozwa na kanuni zizo hizo. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mabaharia, mawakala na wafanyakazi wa bandari ambao kazi yao inawakutanisha na nafaka ya aina yoyote, ingawa mifano mingi ni ya shayiri.

Nafaka ni kavu. Inawezaje kuipindua meli?

Nafaka ni kavu, lakini hutiririka. Chukua punje za shayiri kwenye sinia, uliinamishe polepole, nawe utaona kwamba kwa muda hakuna kinachosogea, kisha ghafla uso mzima unateleza kwa pamoja. Ndivyo inavyokuwa ndani ya ngama meli inapokwenda mrama, yaani inapoyumba huku na huku. Safari inapoanza, punje hushindiliana kwa mtikisiko, na hata ngama iliyojazwa hadi juu hupata uwazi chini ya mfuniko. Meli ikiinama sana, nafaka huteleza kuingia kwenye uwazi ule, na tofauti na maji, hairudi meli inapoinuka. Hubaki upande ule. Wimbi linalofuata huikuta meli imekwisha kulala, huongeza nafaka nyingine juu ya ile ya kwanza, na kila mrama huwa mbaya kuliko uliotangulia.

Mfano unaokumbukwa zaidi unahusu shayiri yenyewe. Pamir, meli ya matanga ya Kijerumani yenye milingoti minne, iliondoka Buenos Aires mwaka 1957 ikielekea Hamburg, ikiwa imebeba zaidi ya tani 3,700 za shayiri, karibu yote ikiwa ya kichele na magunia machache yakiwa juu yake. Tarehe 21 Septemba ilikutwa na kimbunga Carrie kusini-magharibi mwa visiwa vya Azores. Meli ililala upande, haikuinuka tena, ikapinduka na kuzama. Kati ya watu 86 waliokuwemo, wengi wao vijana waliokuwa wakijifunza ubaharia, waliokolewa 6 tu. Uchunguzi uliofanywa Lübeck uliona kwamba shayiri ilihama kwa sababu haikupangwa ipasavyo, na kwamba tangi ambalo lingeweza kujazwa maji ya farumi, yaani maji ya kuipa meli uzito wa chini, lilikuwa limejazwa shayiri. Wapo waliopinga uamuzi huo na kuutupia lawama zaidi upepo. Hata tukiwasikiliza hao, jambo moja halibadiliki: meli yenye shehena inayoweza kuhama huingia katika dhoruba ikiwa imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake.

Kanuni za kimataifa zinadai nini hasa?

Kanuni ya kimataifa ya usafirishaji salama wa nafaka ya kichele ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1994, na ni ya lazima chini ya sura ya sita ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Kanuni hiyo haidhani kwamba nafaka itatulia. Inamtaka nahodha afanye hesabu akichukulia kwamba nafaka imekwisha kuhama: katika ngama iliyojaa, uso wa nafaka huhesabiwa kuwa umelala kwa nyuzi 15, na katika ngama isiyojaa, nyuzi 25. Baada ya kuhama huko kwa hesabu tu, meli lazima itimize masharti matatu. Kwanza, isiiname zaidi ya nyuzi 12, na kwa meli iliyojengwa tangu kanuni ilipoanza, isifikie pembe ambayo ukingo wa sitaha unagusa maji, iwapo pembe hiyo ni ndogo zaidi. Pili, eneo linalobaki kati ya mchoro wa nguvu ya kuiinua meli na ule wa nguvu ya kuiinamisha lisiwe chini ya mita-radiani 0.075. Tatu, kimo cha metasenta, ambacho ni kipimo cha uwezo wa meli kujiinua inapoinama, baada ya kupunguzwa athari ya matangi yasiyojaa, kisiwe chini ya mita 0.30.

Masharti haya yatimizwe katika kila hatua ya safari. Meli inayoondoka ikiwa na mafuta mengi katika matangi ya chini hupoteza uzito huo njiani, na yapo mazingira ambayo meli imara siku ya kwanza huwa dhaifu siku ya ishirini. Hesabu ya kuwasili, kwa hiyo, ni muhimu sawa na ya kuondoka.

Meli inatakiwa pia kuwa na hati ya idhini ya kubeba nafaka pamoja na kitabu chake cha majedwali. Isiyo na hati hiyo inaweza kuruhusiwa kwa masharti makali zaidi, likiwemo la kutobeba nafaka ya kichele inayozidi theluthi moja ya uwezo wake wa uzito.

Je, ngama isiyojaa inaruhusiwa?

Inaruhusiwa ikiwa hesabu inakubali. Hata hivyo, ushauri wa kweli ni kwamba ngama zisizojaa ziwe chache iwezekanavyo, na uso wa nafaka humo usawazishwe. Hesabu ikikataa, zipo njia za kuizuia nafaka: kusimamisha mbao za kuigawa ngama kwa urefu, kutandika turubai na kupanga juu yake magunia ya nafaka yaliyoshonwa vizuri, au kuufunga uso wa nafaka kwa turubai, mbao na nyaya zilizokazwa. Njia hizi zinachukua muda na fedha, na mpangaji mzuri wa shehena huanza kuzikwepa akiwa bado mezani, kabla meli haijafika gatini.

Kusawazisha nafaka katika pembe za ngama iliyojaa ni kazi isiyopendwa, kwa kuwa hufanyika mwishoni, vumbi likiwa jingi na kila mtu akitazama saa. Afisa mkuu asikubali kufunga mfuniko kabla hajatazama mwenyewe chini ya sitaha, upande wa tezi (nyuma) na wa omo (mbele), kulia na kushoto.

Kwa nini kipimo cha nafasi kwa tani kisikosewe?

Shayiri ni nyepesi kuliko ngano. Tani moja ya ngano huhitaji takriban mita za ujazo 1.3, na tani moja ya shayiri huhitaji karibu 1.4 hadi 1.5, kutegemea aina na unyevu. Meli yenye ngama za mita za ujazo 40,000 itabeba takriban tani 30,800 za ngano, lakini kwa shayiri ya kipimo cha 1.5 itaishia karibu tani 26,700, tena ngama zikiwa zimejaa kabla alama za kina hazijafikiwa. Anayekodisha meli kwa kuangalia tani pekee huachwa na shehena gatini.

Upande wa usalama ni mzito zaidi. Majedwali ya meli hutoa nguvu ya kuinamisha kwa ujazo, na nahodha huigawa kwa kipimo cha nafasi ili kupata tani-mita. Akipewa 1.5 huku shayiri iliyopakiwa kwa kweli ni 1.38, hesabu yake itaonyesha hatari ndogo kuliko iliyopo. Kipimo kitoke kwa mpakiaji kwa maandishi, na mara ngama ya kwanza inapojaa, tani zilizoingia zilinganishwe na ujazo wake. Dakika chache hizo hufichua uongo au makosa mapema.

Ngama inatakiwa kuwa safi kiasi gani?

Safi kiasi cha kuweka chakula, kwa sababu ndicho kinachowekwa. Iwe imeoshwa kwa maji ya chumvi kisha maji yasiyo na chumvi, ikakaushwa, isiwe na harufu, wala mabaki ya makaa, mbolea au saruji, wala kutu au rangi inayobanduka. Mkaguzi mzoefu hatazami sakafu kwanza. Hutazama juu: kwenye mihimili ya chini ya mifuniko, nyuma ya mabomba, katika mikunjo ya fremu, mahali ambapo punje za shehena ya safari mbili zilizopita hukaa pamoja na wadudu wake. Nchini Australia ukaguzi huwa wa macho mawili, yaani mkaguzi wa meli na afisa aliyeidhinishwa na idara ya kilimo, na mdudu mmoja hai anatosha kuifanya meli ikataliwe. Hofu kubwa ni ya khapra, mdudu mharibifu wa nafaka, ambaye kiwavi wake huweza kukaa bila kula kwa muda mrefu sana ndani ya nyufa.

Visima vya kunyonyea maji ngamani vipimwe kama vinanyonya, vali zake za kuzuia maji yasirudi zikaguliwe, kisha vifuniko vyake vizungushiwe gunia safi ili maji yapite na punje zisipite. Gunia hilo la bei ndogo likisahauliwa, kisima huziba shayiri na maji yakiingia hayana pa kutokea.

Nitajuaje kwamba mifuniko haivuji?

Kwa kuipima kabla ya kupakia, ama kwa kuimwagia maji ya bomba lenye nguvu au, bora zaidi, kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha mahali hasa ambapo mpira haukandamizwi. Mipira ikaguliwe, mifereji ya kutolea maji isafishwe, na vali zake zisizibwe kwa rangi.

Nimewahi kusimama ngamani mifuniko ilipofunguliwa baada ya safari ya majira ya baridi. Shayiri yote ilikuwa ya rangi ya dhahabu hafifu, isipokuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta, upana wa kiganja, chini kabisa ya maungio ya vipande viwili vya mfuniko. Mstari ule ulikuwa kijani. Shayiri ilikuwa imeota. Nilipoingiza mkono, chini ya miche ile palikuwa na gamba gumu lenye joto na harufu ya togwa iliyochacha, na chini ya gamba shayiri ilikuwa nzima. Maji hayakuwa mengi, lakini tani zilizokataliwa zilikuwa nyingi, kwa kuwa hakuna mpokeaji anayekubali kuchambua mstari kwa koleo huku kreni ikisubiri.

Mvua ikianza wakati wa kupakia?

Funga, na uandike saa ya kufunga na ya kufungua. Usikubali maneno ya kwamba ni manyunyu tu.

Unyevu gani ni salama?

Asilimia 13 au chini yake ni mahali pazuri kwa safari ndefu inayopita nchi za joto. Mikataba ya shayiri ya kimea mara nyingi huweka ukomo kati ya asilimia 12.5 na 14.5 kutegemea nchi, lakini ukomo wa mkataba ni makubaliano ya biashara, wala si ahadi kwamba shehena itavumilia majuma sita baharini. Punje ni kiumbe hai: hupumua, hutumia oksijeni, hutoa kabonidayoksaidi, maji na joto. Ikiwa na unyevu mwingi hupumua kwa kasi zaidi, joto huongezeka, kuvu huamka, na joto la kuvu huharakisha yote hayo.

Wastani pia hudanganya. Malori kumi ya asilimia 12 na lori moja la asilimia 18 hutoa wastani usiozidi 13, na bado kona moja ya ngama itaoza. Pima joto na unyevu wa sampuli zinazochukuliwa mfululizo tangu mwanzo wa upakiaji hadi mwisho wake, na uhifadhi sampuli zilizotiwa lakiri.

Nipitishe hewa ngamani au nifunge?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi mwingi kuliko yote, na jibu lake hutegemea safari. Kanuni ni mbili na inatosha kufuata mojawapo kwa uaminifu. Ya kwanza ni ya umande: pitisha hewa iwapo kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewa huanza kugeuka maji) cha hewa ya nje kiko chini ya kile cha hewa iliyomo ngamani, na vinginevyo funga. Ya pili ni ya nyuzi tatu: pitisha hewa iwapo hewa ya nje ni baridi kuliko shehena, kama ilivyopimwa wakati wa kupakia, kwa angalau nyuzi 3 za selsiasi. Kwa nafaka ya kichele ya pili ni rahisi zaidi, kwa sababu kuingia ngamani kupima umande mara nyingi hakuwezekani wala hakuruhusiwi.

Chukua safari mbili. Meli ya kwanza inapakia Novorossiysk mwezi Januari, shayiri ikiwa na nyuzi 5, na inakwenda Jeddah. Baada ya Suez inaingia hewa ya joto yenye mvuke mwingi wa Bahari ya Shamu. Nahodha mwenye huruma isiyo na hesabu atafungua matundu ili "shehena ipumue", na mvuke ule utagusa punje za baridi na kuwa maji juu yake, kama yanavyotokea maji kwenye chupa iliyotoka katika jokofu. Hilo huitwa jasho la shehena. Meli hii ifunge matundu safari nzima.

Meli ya pili inapakia Kwinana, Australia Magharibi, mwezi Desemba wakati wa mavuno, shayiri ikiwa na nyuzi 30, na inakwenda kaskazini ya China, ambako chuma cha sitaha kitapoa hadi karibu na sifuri. Hapa hewa ya joto iliyo juu ya shehena hugusa chuma cha baridi, nayo matone hudondokea shayiri kwa mistari inayofuata mihimili. Hilo ni jasho la meli, na meli hii inahitaji hewa kila hali ya bahari inaporuhusu, mchana na usiku, mradi mawimbi hayarushi maji ndani ya matundu.

Tusiidai hewa hiyo zaidi ya inavyoweza. Inafagia mvuke ulio juu ya shayiri tu. Haiingii ndani ya rundo na haikaushi nafaka iliyopakiwa ikiwa mbichi. Kumbukumbu za kila zamu, zenye joto la nje, joto la maji ya bahari na sababu ya kufungua au kufunga, ndizo zitakazomtetea nahodha madai yakija.

Matangi ya mafuta yana uhusiano gani na shayiri?

Mafuta mazito hupashwa joto ili yavutike, na tangi lililo chini au kando ya ngama huweza kuibabua shayiri iliyoligusa. Pasha tangi linalotumika tu, kwa joto linalohitajika tu, na uandike vipimo.

Ufukizaji wakati wa safari una hatari gani?

Kwa kawaida hutumika vidonge au vifuko vya alumini fosfaidi, ambavyo vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hii huua wadudu, na humuua mtu vilevile. Ukomo uliotumika kwa muda mrefu mahali pa kazi ni sehemu 0.3 kwa milioni, na baadhi ya mamlaka zimeushusha zaidi. Harufu yake hufanana na kitunguu saumu au samaki aliyeharibika, lakini pua si kipimo: mtu huweza kudhurika bila kunusa kitu.

Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) wa mwaka 2008 unataka msimamizi wa ufukizaji akabidhi kazi kwa nahodha kwa maandishi, mabaharia wasiopungua wawili wapewe mafunzo, na meli iwe na vipimo vya gesi na vifaa vya kupumulia. Gesi ipimwe makaoni, chumba cha mashine na mahali pa kuongozea meli kila baada ya saa 8 au mara nyingi zaidi. Kabla ya hapo ngama zipimwe uvujaji, kwa maana mabomba ya nyaya na milango ya kale hupeleka fosfini hadi vyumba vya kulala. Baharia anayelalamika kichwa na kichefuchefu siku ya pili ya ufukizaji asipewe dawa ya malaria akarudishwa kitandani. Apelekwe kwenye hewa safi, na chumba chake kipimwe mara moja.

Vidonge visirundikwe mahali pamoja wala kuwekwa palipo na maji, kwa kuwa fosfini nyingi huweza kuwaka yenyewe na kulipuka. Na kwa muda wote wa ufukizaji hewa haipitishwi, jambo linalogongana na mahitaji ya meli ile ya Kwinana. Mgongano huo utatuliwe kwa maandishi kati ya mkodishaji, mfukizaji na nahodha kabla ya kuondoka: siku ngapi za gesi, kisha siku gani matundu yatafunguliwa.

Je, baada ya gesi kutoka, ngama ni salama kuingia?

Hapana, si kwa sababu hiyo pekee. Shayiri iliyofungiwa imekuwa ikitumia oksijeni, na njia ya ngazi ya kushukia ngamani, ambayo aghalabu ni chumba chembamba chenye mlango wake, huweza kuwa na hewa isiyotosha hata mfuniko mkuu ukiwa wazi. Asiingie mtu mpaka hewa ipimwe sehemu ya juu, ya kati na ya chini, oksijeni ionekane ni asilimia 20.9, fosfini na kabonidayoksaidi zipimwe, na mlangoni asimame mtu mwenye mawasiliano. Mkataba wa SOLAS unataka mazoezi ya kuingia na kuokoa katika sehemu zilizofungwa yafanyike kila miezi miwili, na tangu Julai 2016 meli lazima iwe na kipimo chake cha hewa.

Mwenzako akianguka chini ya ngazi, usimfuate. Najua ni neno gumu kwa watu waliokula sahani moja. Lakini katika ajali za namna hii anayekimbilia kuokoa bila kifaa cha kupumulia huanguka juu ya yule wa kwanza, na wa tatu juu yao. Piga king'ora, ingiza hewa, shuka na kifaa.

Hatari nyingine ni nafaka yenyewe. Ukuta wa shayiri uliochimbwa na kreni huporomoka bila onyo, na mtu aliyezama hadi kifuani hawezi kujitoa wala kuvutwa kwa mikono.

Shayiri ya kimea ina mahitaji tofauti?

Ndiyo. Mtengeneza kimea hununua punje itakayoota, na kwa kawaida hudai uotaji wa asilimia 95 au zaidi. Shehena iliyopata joto njiani huweza kuonekana nzuri, kunukia vizuri, kupimwa unyevu na kukubalika, lakini kiini chake kimekufa, nayo huuzwa kwa bei ya chakula cha mifugo. Isichanganywe na shayiri ya mifugo wala ya aina nyingine, na sampuli za kila ngama zitenganishwe.

Nini kifanyike meli inapofika?

Mifuniko ifunguliwe mbele ya mwakilishi wa mpokeaji, na picha zipigwe kabla ya kreni kugusa kitu. Kina cha meli kipimwe kwa pamoja, maji ya bahari yachukuliwe uzito wake, na matangi ya farumi yapimwe, ili tani zilizofika zilinganishwe na zilizo kwenye hati ya shehena. Mahali penye doa, kusanya shayiri iliyoharibika kando kabla haijachanganyika na nzuri, pima maji yake kama ni ya chumvi au ni jasho, na umwite mkaguzi siku hiyohiyo. Wafanyakazi wavae barakoa, na uvutaji sigara na uchomeleaji vyuma usimame kabisa karibu na ngama, kwa sababu vumbi la shayiri likitanda hewani hulipuka kwa cheche moja. Mifuko ya dawa ya kufukizia ihesabiwe inapotolewa: ikiwa ilipakiwa 120 na imetoka 118, upakuaji wa ngama ile usimame mpaka miwili iliyobaki ipatikane.